Kwani Mchawi wa Video Zenu Alitoka Wapi?

Wasee, wiki jana tulibishana hadi matatu ikatuacha. Tulikuwa stendi ya Kisii mjini, watu wanne, na ubishi ulikuwa mmoja tu: adui mkali kwenye filamu ni yule unayeelezwa alivyogeuka kuwa mbaya, ama ni yule anayetokea tu, hana mama, hana kijiji, hana sababu?

Mimi nilikuwa upande wa huyo wa pili. Angalia Michael Myers kwenye Halloween ya 1978. Mtoto wa miaka sita anamuua dada yake na hakuna mtu anakwambia kwa nini. Hapo ndipo baridi inakushika. Mwaka wa 2007 wakaitengeneza upya, wakampa utoto wa shida na nyumba ya vurugu, ikawa ni kama unasoma faili ya ofisi ya watoto. Joker wa 2008 naye anaeleza makovu yake kwa hadithi mbili tofauti, kumaanisha usiamini hata moja. Papa wa Jaws ni papa tu, ana njaa. Hata Iago wa Shakespeare, wakimshika mwishoni na kumuuliza kwa nini alifanya hayo yote, anakataa kusema. Hofu inapenda giza. Hapo sina shida.

Shida yangu inaanza tukirudi nyumbani.

Fungua simu uangalie vichekesho na filamu fupi tunazotengeneza huku Kisii na Nyamira. Kuna mchawi mmoja anazunguka kwenye zote. Ni mama mzee. Amejifunga leso iliyochakaa, macho mekundu, amebeba chungu cha moto, anapita usiku katikati ya majani chai. Anacheka. Hana jina, anaitwa tu omorogi. Kijana ameanza kufaulu, mama anatokea, mambo yanaharibika, pasta anaingia, mama anaanguka chini, mwisho. Hakuna mtu anauliza alitoka wapi, ama huyo kijana alimkosea nini, ama kama alikosewa kabisa. Komenti ni emoji za kucheka mpaka chini.

Zimwi la hadithi za jioni pia halikuelezwa, lakini lilikaa msituni. Huwezi kukutana na zimwi sokoni Daraja Mbili likinunua omena. Michael Myers hana shamba Kebirigo. Mama mzee mwenye macho mekundu anaishi hapo tu, nyumba ya tatu baada ya bucha, na macho ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni tangu kabla baba yako azaliwe.

Mei 2008, huku Kisii, watu 11 walichomwa wakiitwa wachawi. Wanane walikuwa wanawake, na wengi wao wazee sana. Unajua ushahidi ulikuwa nini? Kulingana na ripoti za wakati ule, wanakijiji walisema kuna daftari limepatikana katika shule ya msingi, lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na limeorodhesha nani atarogwa baadaye. Daftari, wasee! Kumbukumbu za mkutano, kama chama cha akina mama! Mimi naandika skripti kila wiki, na nikisoma hiyo habari najua kitu kimoja: daftari halijiandiki. Kulikuwa na mtu ameshika kalamu. Lakini watu waliamini kwamba wachawi hutokea tu, kwa hivyo hawakuona haja ya kuuliza mwandishi ni nani.

Oktoba 2021, Marani. Wanawake wanne wazee waliuawa, wakilaumiwa kwamba wamemroga mwanafunzi. Wakati huo mimi nilikuwa na simu, wewe ulikuwa na simu. Sio mambo ya zamani za babu.

Sasa najua mtanijibu. "Buda, hii ni sanaa tu, acha kuharibu raha." Na wengine: "Kwani wewe huamini uchawi?" Sibishani na imani ya mtu. Lakini hata hao wazee wanaoamini, ukiwakalisha chini, watakwambia uchawi unafundishwa, mtu anapokezwa na mtu. Yaani hata imani yenyewe inampa omorogi mwalimu na historia. Ni sisi wenye kamera tumemnyima. Tumechukua uvivu wa kuandika tukauita mtindo wa kutisha.

Na asili ipo, kama mtu anataka kuitafuta. Watetezi wa wazee wamesema mara nyingi kwamba ukichimba chini ya shutuma hizi unakutana na shamba. Mnajua venye mashamba yetu yalivyo, yamegawanywa mpaka mengine ni kamba mbili za nguo. Mjane amebaki peke yake kwenye kipande kizuri karibu na barabara, watoto wako Nairobi, na kuna shemeji anahesabu miguu. Hiyo ndiyo filamu. Adui wako ana jina, ana sababu, ana hata mpango. Bahati mbaya ni kwamba siye uliyemvisha leso chakavu.

Halafu jueni kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, ile ya 1925, haimshiki tu anayedai ni mchawi. Kumnyooshea mtu kidole hadharani kwamba ni mchawi pia ni kosa. Sheria ya mkoloni, imejaa vumbi, lakini kwa hilo inatushinda sisi watu wa video.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Desemba nilimwomba jirani yetu huko Nyamira, rafiki ya magokoro, apite mbele ya kamera na chungu. Nikampa mia mbili. Alicheka sana, akaniuliza kama amefanya vizuri, akataka turudie. Video ikaenda mbali kuliko zote nilizowahi kuweka. Siku ya tatu nikaona komenti: "Huyu namjua, ni wa kwetu, ndiyo maana." Ndiyo maana ya nini, hakusema. Chini yake watu arobaini walikuwa wamekubali.

Niliifuta. Nilienda kwake nikamwambia ukweli, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, si ulisema ni mchezo?" Mtoto wa jirani aliyekuwa akitumwa kumchotea maji haji siku hizi.

Juzi video imerudi, kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Mtu alikuwa ameihifadhi. Lakini ameikata mwanzo, zile sekunde kumi ambazo tunacheka naye na mimi namwonyesha pa kusimama. Sasa inaanza tu gizani, anatokea na chungu.