Kutoka ua wa Kayafa hadi Marani

Oktoba 2021, umati uliwaua akina mama wanne wa makamo na wazee huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa madai kwamba ni wachawi. Mei 2008, watu 11, wengi wao akina mama wakongwe, waliteketezwa kwa moto vijijini Kisii kwa tuhuma iyo hiyo. Nayatanguliza haya kwa sababu nataka kuzungumzia ufuasi wa Kristo, na hapa kwetu Gusii sioni mtu atauzungumziaje ufuasi huo huku akiwaruka marehemu hawa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Nyamira, shemasi katika kanisa la Waadventista Wasabato. Ni mjane, na kichwa changu kimeshajaa mvi. Wanaoishi milima hii wanaelewa mvi hizo zina uzito gani.

Mapema mwaka 2023, kabla ya vita kufunga njia, nilizuru Nchi Takatifu pamoja na Wakristo wengine wa Kisii na Nyamira. Tulikuwa Waadventista, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste katika basi moja, na nyimbo tulizoimba zote tulizijua. Kule Yordani wengi walijaza chupa za maji. Yerusalemu walinunua mafuta na misalaba ya mizeituni. Mimi sehemu iliyonishika ni moja ambayo wageni wengi huipitia mbiombio.

Kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Sayuni kuna Kanisa la Mtakatifu Petro, lililojengwa mwaka 1931 mahali ambapo mapokeo yanasema palikuwa na nyumba ya kuhani mkuu Kayafa. Wataalamu wanabishana kama ndipo penyewe, na ubishi huo nawaachia. Uani kuna sanamu za shaba: Petro amekunjua mikono kama mtu anayekana deni, kijakazi anamnyoshea kidole, na juu ya nguzo amesimama jogoo. Chini ya kanisa mna shimo lililochongwa mwambani, ambamo wanasema Yesu alilazwa usiku ule alipokamatwa. Tuliteremka humo tukasoma zaburi ya mtu aliyeachwa na rafiki zake wote.

Siku hiyo Yerusalemu ilikuwa na baridi ya kupenya mifupa. Nilijifunga shuka mbili nikasimama mbele ya sanamu ile, na nikamwelewa Petro alivyousogelea ule moto wa makaa. Injili haisemi kwamba Petro alimpiga Yesu, wala kwamba alishuhudia uongo mbele ya baraza. Alichofanya ni kuota moto pamoja na watumishi, na alipoulizwa, akasema hamjui mtu huyo.

Hapo ndipo Marani iliponijia. Wanaowasha kiberiti huwa wachache, mara nyingi vijana ambao hata jina la babu ya mama wanayemshambulia hawalijui. Lakini nyumba haiungui kimya kimya. Kijiji kizima huona mwanga na kusikia kilio. Asubuhi polisi wakifika, hakuna aliyeona na hakuna aliyesikia, na kuhusu marehemu watu husema hawakuwa na mazoea naye, ilhali ni juzi tu walikuwa wakikopeshana chumvi. Na wengi wa hao wasioona wanashika Sabato, au wanapokea Ekaristi, au wananena kwa lugha.

Injili si ngeni kwetu. Wamisheni wa Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, na muda mfupi baadaye Waadventista wakaweka kituo chao Nyanchwa. Siku hizi ukisimama juu ya ukingo wa Manga utaona mabati ya makanisa kila upande. Kwa hiyo kisingizio cha kwamba watu wetu hawajafundishwa sikikubali. Wamefundishwa. Wanajua mifano yote ya Yesu kwa mpangilio wake. Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wao katika Shule ya Sabato.

Kosa naliona katika kile tunachokihesabu kuwa dhambi. Katika miaka niliyokaa kwenye baraza la kanisa, binti akishika mimba kabla ya ndoa tunamwita, tunamjadili, tunamwandikia barua. Mshiriki akinywa pombe anaondolewa kwenye orodha. Sijawahi kusikia jina la mtu likiletwa mbele ya baraza kwa sababu alimwita mjane wa jirani omorogi, yaani mchawi. Na neno hilo, hapa kwetu, ni hukumu ya kifo inayosubiri siku yake. Hata serikali ya mkoloni ililitambua: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa la jinai. Kanisa langu halijafika hapo.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Waadventista hatushiriki Meza ya Bwana kabla ya kutawadhana miguu, kama Bwana alivyofanya katika chumba cha juu. Akina mama huenda upande wao, akina baba upande wao. Kuna karai, maji ya uvuguvugu, taulo. Kila mtu anamtafuta mwenzake, mmoja anapiga magoti, kisha wanabadilishana. Sabato moja, baada ya kurudi kwetu kutoka Yerusalemu, mama mmoja mzee aliketi kwenye benchi, viatu amevua, soksi amezikunja vizuri ndani ya kiatu. Mtoto wa majirani zake alikuwa amefariki ghafla, na maneno yalikuwa yamezunguka sokoni. Akina mama walichukuana wawili wawili. Makarai yalipita mbele yake. Mmoja aliyezoea kutawadhana naye miaka yote alijifanya anatafuta taulo. Mama yule hakusema kitu. Alianza kuvaa soksi yake taratibu, mguu wa kushoto kwanza.

Nilichukua karai nikaenda kupiga magoti pale. Miguu yake ilikuwa na nyufa za visigino, za mtu aliyechuma chai maisha yake yote, na ilikuwa inatetemeka. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huogopi?" Nikamwambia, "Mama, naogopa. Nipe mguu mwingine."

Tulikuwa tumekusanyika kufanya kile hasa alichofanya Yesu usiku ule, kwa karai na kwa taulo, na papo hapo tukakifanya chombo cha kumtenga mtu. Mama huyo sasa analala kwa dada yake, mbali na kwake. Nyumba yake haijachomwa. Majani chai yake yanachumwa na mtu mwingine.

Hilo la chai lisipitwe. Sensa ya mwaka 2019 inaonyesha Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Mashamba yamegawanywa hadi kuwa vipande vya kupanda sukuma wiki tu. Mjane anayeishi muda mrefu, na cheti cha ardhi kikiwa bado kwa jina la marehemu mumewe, huonekana na wengine kama anayechelewesha urithi. Sidai kwamba kila tuhuma ya uchawi inatokana na shamba. Zipo zinazotokana na msiba na hofu ya kweli. Lakini vumbi likishatulia, mtu na atazame nani analima. Pwani mambo ni hayo hayo: kule Kilifi wazee wanakimbia vijana wao wenyewe, na baadhi wamepewa hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Usukumani, Tanzania, bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walimowapikia wajukuu.

Kule Kapernaumu tulioneshwa magofu ya mawe meusi ambayo Wakristo tangu zamani wameyaheshimu kama nyumba ya Petro, na juu yake kanisa la kisasa la mwaka 1990 lenye kioo sakafuni ili mtu atazame chini. Nilitazama kwa muda mrefu. Katika nyumba hiyo alilala mama mkwe wa Petro akiwa na homa. Marko anaieleza habari hiyo katika sura ya kwanza kabisa, Yesu akiwa ndiyo kwanza ameita wanafunzi. Wameacha nyavu, wameingia nyumbani, na huyo wa kwanza kusaidiwa chini ya paa la mfuasi ni mwanamke mzee wa nyumba hiyo. Yesu alimshika mkono. Nafikiri wanafunzi walikuwa wakifundishwa pale, ingawa hakuna hotuba iliyotolewa.

Na ninakumbuka ngazi za kusini mwa Hekalu, ngazi za kale ambazo upana wake haulingani, moja fupi, moja ndefu, kiasi kwamba huwezi kuzikimbilia. Ni katika Hekalu hilo mwanamke aliletwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe. Yohana anasimulia kwamba Yesu alipowajibu washtaki, walioanza kuondoka walikuwa wazee. Hilo kwetu lina maana kubwa, maana kijana wa Kigusii hampuuzi mzee hadharani. Wazee wa ukoo na wazee wa kanisa wangetoka usiku wa shambulio wakasimama mlangoni kwa mama anayetuhumiwa, vijana wengi wangerudi nyumbani. Tatizo ni kwamba wazee hujifungia ndani hadi kelele ziishe.

Ninachopendekeza ni hiki. Tulio na cheti cha kuzuru Nchi Takatifu, na tuko wengi katika kaunti hizi mbili, twende hija Marani kila Oktoba, madhehebu yote pamoja. Maaskofu na wachungaji waongoze, na watamke kwa vinywa vyao, kwa Kigusii, kwamba anayemwita jirani omorogi amejitenga na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya yule aliyemsingizia. Mabaraza ya kanisa yaliandike hilo kwenye kumbukumbu zake. Kila kanisa liteue wazee watano wenye simu zinazoshika usiku, ambao kazi yao ni kufika kwenye boma la mama anayetishwa na kuketi humo hadi kuche, huku chifu na polisi wakiitwa.

Najua kuna watakaosema tunaichafulia Gusii jina. Jina lilichafuka Mei 2008.

Kutoka Nyamira hadi Marani ni safari ya asubuhi moja tu kwa matatu, unabadilisha gari Kisii mjini. Ila kabla hatujatangaza lolote makanisani, wachungaji wawili watatu waende kwanza kwa familia za wale akina mama wanne, bila kamera na bila bahasha, wawaulize kama wangependa tuje. Wakikataa, tuanze na akina mama walio hai, wale ambao benchi zao kanisani zimebaki tupu.