Mgeni Mjini Roma



Ndugu wasomaji, kila tukipiga simu nyumbani tunaulizwa kama tumeshamwona Baba Mtakatifu. Hakuna anayeuliza kama tumeshaweza kuoga, na hilo ndilo swali gumu. Mabomba ya hapa Roma yana herufi C na F. Sisi tuliosoma Kiingereza shuleni tunajua kwamba C ni maji baridi. Waitaliano wanajua kwamba C ni "caldo", yaani moto. Aristotle anafundisha kwamba maneno hupata maana kwa makubaliano ya watu. Bomba hufundisha jambo hilohilo kwa dakika moja, na wala hulisahau.

Lugha nayo ina vituko vyake. "Sì" ya Waitaliano ni ndiyo, wakati "si" yetu ni ya kukanusha. Ukiomba chumvi mezani ukajibiwa "sì", moyo unanywea kidogo kabla akili haijatafsiri. Sokoni, muuza nyanya anatazama mizani na kutamka "pesa", nawe mkono umeshafika mfukoni. Kumbe kwao neno hilo ni la uzito: anataja kilo tu. Bei inakuja baadaye, na hapo hakuna utani.

Halafu kuna mzinga. Kila siku, saa sita kamili mchana, mzinga hulipuliwa kwenye kilima cha Gianicolo. Wageni tunatazamana, wenyeji wanamalizia kahawa yao kaunta, wamesimama, kwa mafunda mawili. Desturi hii ilianzishwa na Papa Pio IX mwaka 1847 ili kengele za makanisa ya Roma zilie adhuhuri kwa pamoja. Wanaparokia wanaobishana kila Jumapili kama misa ya kwanza imeanza kwa wakati wapate faraja: hata Roma ilihitaji baruti.

Lakini mgeni haji mikono mitupu. Wenzetu wa hapa hucheka wakisikia kwamba saa saba yao ya asubuhi kwetu ni saa moja. Basi huwa tunawafungulia kitabu cha sala za Kanisa, penye sala ya saa tatu, ya saa sita na ya saa tisa. Warumi wa kale walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama tunavyofanya sisi hadi leo. Tukisoma kwamba mwenye shamba la mizabibu aliajiri vibarua wa mwisho saa kumi na moja, hatuhitaji maelezo: tunaliona jua likishuka. Mrumi wa leo anahitaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo ndipo tulipo na neno kwa parokia zetu. Padre mmisionari akikosea ngeli altareni, kicheko hupita kwenye mabenchi. Muumini aliyehamia kutoka nchi jirani anaweza kukaa benchi la nyuma miezi kadhaa, na anayemkumbuka wa kwanza ni mkusanya michango. Kwa maoni yetu, padre arekebishwe kwa upole, faraghani, baada ya misa. Na muumini yule jumuiya imfuate nyumbani wiki ya kwanza, imwulize kwao wanasali na kuimba vipi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi apewe jembe: asome somo, aongoze rozari, hata kama matamshi yake yanayumba.

Mtu mzima anayetafuta maneno kama mtoto hakosi akili. Anakosa muda na mtu wa kumsubiri. Mtakatifu Petro, aliyefia katika mji huu wa ugenini, alitambuliwa kwa lafudhi yake uani kwa Kuhani Mkuu. Kristo alilijenga Kanisa lake juu ya mtu huyo, pamoja na lafudhi yake.

Tuombeeni, nasi tunawaombea.