Kabichi Mahali pa Tambi

Mgonjwa wa kisukari aliyezoea tambi huona uchungu aambiwapo apunguze wanga. Huko Gisenyi, wilayani Rubavu, nafuu imo sokoni: kabichi iliyostawi katika udongo wa volkano. Gramu 100 za tambi zilizochemshwa zina wanga wa gramu 25 hivi au zaidi. Kabichi ya uzito huo haifiki gramu 10.

Kabichi hukatwa nyembamba na ndefu, hunyunyizwa chumvi kidogo, huachwa robo saa, kisha hukamuliwa kwa nguvu. Hapo ndipo wapishi wengi hukosea, kwani isipokamuliwa mchuzi hugeuka maji. Hutiwa katika maji yachemkayo kwa dakika mbili tu, huchujwa, na kumiminiwa rojo la nyanya, vitunguu na sambaza, wale dagaa walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ladha ya tambi haipatikani, na mpishi asimdanganye mgonjwa. Utamu wake ni mwingine.

Watoto na wafanyao kazi nzito waachiwe tambi zao. Naye mgonjwa atumiaye sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari aonane kwanza na daktari, kwa maana wanga ukipungua ghafula na dawa ikabaki ile ile, sukari yaweza kushuka hata akazirai.