Reli Mpya Isimsahau Abiria wa Safari Ndefu

Mnamo tarehe 21 Novemba 2024 Uganda ilizindua ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala, umbali wa kilometa 272. Mkataba wake ulikuwa umetiwa sahihi mwezi Oktoba mwaka huo na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Habari kubwa katika kazi hiyo ni shehena, yaani jinsi ya kupunguza gharama za kusafirisha makontena kutoka Mombasa. Jambo hilo ni jema. Lakini hapana budi kuuliza: je, askari aendaye likizoni na mkulima aendaye kumwuguza nduguye watapata nafasi ndani ya reli hiyo?

Yafaa tukumbuke yaliyopita. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, Kampala mwaka 1931 na Kasese mwaka 1956. Ile ya kaskazini ikafika Pakwach mwaka 1964. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli lilivunjika pamoja nayo, na kila nchi ikabaki na vichwa vya treni na mabehewa yake. Vipuri vikaadimika, mataruma yakachakaa, mwendo ukapungua hata mabasi yakaipita treni. Abiria walipohama, mapato yalipungua. Na mapato yalipopungua, matengenezo yakapungua zaidi. Mwaka 1997 treni za abiria zikasimamishwa. Ile iliyorudi mwezi Desemba 2015, kati ya Kampala na Namanve, ni ya safari fupi za mjini.

Kwa hiyo treni ya abiria haikuuawa na uzee, bali na kutotunzwa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta tunaojenga leo una gharama kubwa.

Majirani zetu wametutangulia, nasi tuna la kujifunza kwao. Kenya ilianza kusafirisha abiria kwa reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na safari iliyokuwa ikichukua usiku kucha sasa huchukua kiasi cha saa 5. Lakini vituo vyake vikuu viko Miritini na Syokimau, mbali na katikati ya miji, hivyo abiria hulazimika kutafuta usafiri mwingine. Tanzania ilianza safari zake za treni ya umeme mwaka 2024, kwanza hadi Morogoro, kisha Dodoma. Stesheni yake ya Dar es Salaam imejengwa katikati ya jiji, karibu na ile ya zamani. Stesheni ikiwa mbali, saa zilizookolewa njiani hupotea mlangoni.

Somo la pili ni la fedha. Nauli ya mwananchi wa kawaida mara nyingi haitoshi kuendesha treni, na shehena ndiyo hulipa gharama. Msimamizi atazamaye faida peke yake ataanza kwa kuondoa mabehewa ya abiria. Serikali yapasa iamue mapema ni treni ngapi za abiria zitakazokwenda, na nani atakayefidia pengo. Tusihesabu nauli tu. Mwaka 2023 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,800 nchini Uganda, na polisi wa usalama barabarani ndio waliowaokota. Kila mabehewa kumi yaliyojaa watu ni mabasi kadhaa yasiyokimbizana usiku.

Somo la tatu latuhusu sisi tuvaao sare. Reli ya zamani imeibiwa mataruma ya chuma na misumari, vikauzwa kama chuma chakavu. Taruma moja likiondolewa, treni ya mizigo huweza kuanguka. Na behewa la abiria likianguka, hatutahesabu hasara kwa shilingi. Ulinzi wa reli, basi, si kazi ya kupitisha muda zamuni. Ni ulinzi wa roho za watu.

Wahandisi wataijenga reli hii kwa miaka michache. Kuitunza itakuwa kazi ya vizazi, na kazi hiyo yatutaka tuwe macho tangu siku ya kwanza.