Kipimo cha damu cha saratani: kabla hujalipa, pima homa ya ini B

Swali linalorudi kila wiki siku hizi ni hili: "Daktari, nasikia kipo kipimo cha damu kinachoonyesha saratani kabla haijaanza. Nakipata wapi?" Wengine wameshatajiwa bei, na wako tayari kuuza mbuzi. Leo tulitazame swali hilo kwa utulivu, maana ndani yake upo ukweli na ipo hasara.

Tuanze na ukweli. Kila unachokula, kunywa au kumeza hubadilishwa na mwili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ini. Kazi hiyo huacha kemikali ndogondogo kwenye damu, ambazo wataalamu huziita metaboliti. Nchini Uingereza, mradi wa UK Biobank ulikusanya damu ya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2006 na 2010, na watafiti wanaendelea kufuatilia nani anaugua nini. Wakirudi kwenye damu ile ya zamani, huona kuwa baadhi ya kemikali zilikuwa tofauti kwa watu waliokuja kuugua saratani miaka kadhaa baadaye.

Lakini kuona tofauti katika kundi la maelfu si sawa na kumwambia mama mmoja wa Mkolani kwamba yeye ataugua au hataugua. Hatujafika huko. Na vifurushi vya "kupima saratani zote" vinavyouzwa kwa watu wazima wasio na dalili yoyote mara nyingi hutumia vipimo ambavyo sisi madaktari huvitumia zaidi kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana. Mfano ni AFP, kinachotumika kwa saratani ya ini. Kipimo hicho hupanda kwa mama mjamzito asiye na saratani yoyote, na kinaweza kuwa cha kawaida kwa mtu mwenye uvimbe. Ukipimwa bila sababu, unaweza kurudi nyumbani na hofu ya bure, au na matumaini ya bure.

Hata hivyo, ipo alama moja ya kwenye damu ambayo uhusiano wake na saratani unajulikana vizuri, nayo inatuhusu sisi kuliko Waingereza. Ni alama ya sumukuvu.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Ukiila, ini huibadilisha kuwa kemikali kali inayonasa kwenye vinasaba vya chembe za ini. Hapo ndipo saratani inapoweza kuanzia. Kemikali hiyo hiyo hunasa pia kwenye protini ya damu iitwayo albumini, na kubaki humo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo tone la damu laweza kueleza mtu amekuwa akila nini miezi miwili mitatu iliyopita.

Watafiti walipima alama hiyo kwa watoto wadogo wa vijiji vya Tabora, Iringa na Kilimanjaro. Mwanzoni, watoto wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 14, asilimia 67 walikuwa nayo. Mwaka mmoja baadaye, walipozoea uji na ugali, ilikuwa asilimia 99. Tabora, jirani zetu, ndiko viwango vilikuwa juu zaidi. Na sumukuvu ikizidi sana haisubiri saratani: mwaka 2016 iliwaugua watu 68 mikoani Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki.

Sasa sikiliza sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Huko Shanghai, China, zaidi ya wanaume 18,000 walifuatiliwa kuanzia miaka ya 1980. Waliokuwa na alama za sumukuvu peke yake kwenye mkojo walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko wasio nazo. Wenye kirusi cha homa ya ini B peke yake, mara 7. Waliokuwa na vyote viwili, takriban mara 60. Vitu hivi viwili vikikutana kwenye ini moja, kila kimoja hukiongezea kingine nguvu.

Kipimo cha alama ya sumukuvu hufanyika kwenye maabara za utafiti, si hospitali ya wilaya. Lakini kipimo cha homa ya ini B kipo hapa Mwanza, ni cha haraka, na kwa saratani ya ini kinakueleza mengi kuliko kifurushi chochote cha mamia ya maelfu. Madaktari wa Bugando walipochapisha mwaka 2014 taarifa ya wagonjwa wao wa saratani ya ini, homa ya ini B na pombe nyingi ndivyo vilivyoongoza, na wengi walifika wakiwa wamechelewa.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Wewe mzazi uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata. Kwa hiyo nenda ukapime. Ukikutwa huna kirusi, ulizia chanjo ya watu wazima, nayo ni sindano tatu katika miezi sita. Ukikutwa nacho, usikate tamaa wala usikimbilie dawa za mitishamba, maana nyingine huumiza ini. Utahitaji kufuatiliwa, pengine dawa ya kupunguza kirusi, na kuacha pombe. Mjamzito, omba upimwe kliniki ili mtoto akingwe mapema. Na mtoto asikose dozi zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Nyumbani, kazi inaanzia kwenye gunia. Usianike mahindi juu ya udongo, tumia turubai. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha juani. Chambua punje zilizooza, zilizovunjika au zenye rangi ya ajabu, na usiwape kuku, kwa sababu sumu hupita hata kwenye mayai. Karanga chungu au zilizosinyaa, tupa. Ugali wa dona ni mzuri, ila dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye pumba na kiini. Na usijidanganye kwamba jiko litaiua: kuchemsha hakuimalizi.

Mwenye kusaga unga wa lishe wa mtoto awe mkali zaidi. Tumbo lile ni dogo, na chakula ni kilekile kila siku. Ukinunua uliokwisha sagwa, tafuta alama ya TBS.

Na mwenye macho ya manjano, tumbo linalojaa, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu au anayekonda bila sababu, huyo asisubiri makala ya wiki ijayo. Aende hospitali kesho asubuhi.