Dawa ya presha kwa mtoto mwenye Marfan

Mtoto akiwa mrefu kuliko wenzake, mwembamba, mwenye vidole virefu, ndugu husema amemfuata babu yake. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa takriban mtu mmoja kati ya 5,000, umbo hilo huendana na ugonjwa wa kurithi uitwao Marfan, hasa kama mtoto pia haoni vizuri mbali, au kifua chake kimebonyea au kuchomoza.

Ugonjwa huu hutokana na kasoro katika jeni inayotengeneza fibrilini, protini inayoipa mishipa uimara. Hatari kubwa iko kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Hutanuka polepole bila maumivu, na ukichanika mgonjwa anaweza kufa ghafla.

Kwa miaka mingi watoto hawa wamepewa atenolol au dawa za aina yake, zinazopunguza nguvu ya mapigo ya moyo. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walijaribu losartan kwa panya wenye Marfan, na aota zao zikabaki karibu na ukubwa wa kawaida. Losartan ni dawa ya presha inayolegeza mishipa ya damu. Mzazi anaweza kushangaa: dawa inayolegeza mishipa itazuiaje aota kutanuka? Mishipa midogo ikilegea, damu hupita kwa wepesi na msukumo kwenye ukuta wa aota hupungua.

Majibu kwa binadamu hayakuwa ya ajabu kama kwa panya. Utafiti wa mwaka 2014, uliohusisha watoto na vijana 608 kwa miaka mitatu, haukuona tofauti kubwa kati ya losartan na atenolol. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa dawa za kundi la losartan hupunguza kasi ya aota kutanuka kwa karibu nusu, hata kwa anayetumia pia dawa za aina ya atenolol.

Hiyo si ruhusa ya kumpa mtoto vidonge vya presha vya bibi. Losartan inaweza kushusha presha kupita kiasi, kuathiri figo, na kumdhuru mtoto aliye tumboni, jambo ambalo binti anayeitumia anapaswa kulijua mapema. Kinachotangulia ni kipimo cha moyo cha ultrasaundi, kisha daktari ndiye apange dawa. Na mzazi mmoja akiwa na Marfan, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, hivyo wote wapimwe, hata aliye mfupi.