MIGUU YA WAZEE WETU SI HABARI YA RANGI



Limetufikia neno ambalo hatuwezi kulinyamazia, maana limesemwa na karani mwenzetu, mezani pa kazi, mbele ya mzee. Mzee huyo alikuwa tarishi miaka mingi. Sasa akaa kwake, nje ya mji wa Mpanda, na goti lake halikunjiki. Alitakiwa afike ofisini yeye mwenyewe ili ionekane kuwa yu hai, ndipo malipo yake yaendelee. Akaja juu ya pikipiki, ameshikwa huku na huku, naye amechelewa siku moja. Karani akasema, "Sisi weusi ndivyo tulivyoumbwa, tukifika sitini miguu imekwisha. Mzungu wa themanini yuatembea." Kisha akamwambia arudi wiki ijayo.

Twasema wazi kuwa neno hilo ni uongo, tena uongo wenye faida kwa asemaye, kwa kuwa aibu ya ofisi yatwikwa damu ya mzee.

Tofauti yenyewe hatuikani. Huko Marekani, tangu mwaka 1997, wataalamu waliwafuata wazee 3,075, weusi na weupe, wenye miaka 70 hata 79, katika Pittsburgh na Memphis, wakaao majumbani mwao. Walichaguliwa wale tu walioweza kutembea robo maili na kupanda ngazi kumi pasipo taabu. Miaka ilipopita, weusi walitangulia kupungukiwa na uwezo huo. Hapo mwenzetu angefunga kitabu kwa furaha. Lakini walipotia hesabuni elimu, mapato na maradhi, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoweka. Rangi za watu zilikuwa zile zile. Ila sasa maskini alilinganishwa na maskini mwenziwe.

Nasi je, twahitaji kuvuka bahari ili tujue hayo? Baba zetu walianzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, na robo karne baadaye, mwaka 1948, Tume ya Holmes ikashauri kwamba Mwafrika katika cheo kile kile apewe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Hata Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipokataa mishahara ya rangi, magoti yaliyokwisha kuchakaa hayakurudishiwa kitu. Mtu wa tatu kwa tano alikula kwa kadiri hiyo, akajenga kwa kadiri hiyo, akaenda kazini kwa miguu hali mwenziwe alipanda motokaa. Kisha twaulizana kwa nini wazeeka mbalimbali!

Na sasa mtazameni mzee wa Katavi nyumbani kwake. Maji yako mbali, kuni ziko mbali zaidi, na choo ni cha kuchutama. Asiyeweza kuchutama hupunguza kula na kunywa ili asiende mara nyingi. Mwili wadhoofu, miguu yafuata. (Sisi wenyewe, tukaao vitini mchana kutwa, tumekwisha kulalamikia magoti kabla ya arobaini, wala hatujasingizia damu.) Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yataja matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Ni vema, lakini mzee wa Karema au Inyonga anayepelekwa hospitali ya Mpanda, bure yake yaishia kwenye nauli.

Zanzibar walianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni, Sh. 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Zilikuwa fedha chache, lakini hazikuuliza cheo. Bara bado twangoja, na chama hiki hakina budi kulidai jambo hilo kwa maandishi.

Lakini lipo lisilohitaji Bunge wala fedha nyingi: mzee asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani, karani apande pikipiki yeye. Mwenzetu aliyesema neno lile na aanze. Nyumba ya mzee aijua, na wiki aliyomwambia arudi imekwisha kupita.